Dominika na Mfuko wa Baba Mkwe

Kitanda cha Mzee Wenseslaus kilikuwa cha chini mno, na mfuko wa mkojo ulipoangikwa ubavuni mwake uligusa sakafu. Nesi alikuwa amekataza jambo hilo. Basi Dominika, mke wa mwanawe, akabeba matofali manane kutoka nyuma ya zizi, akataka kuweka mawili mawili chini ya kila mguu. Aliniita mimi, jirani yake, nimsaidie kunyanyua. Yeye mwenyewe alibaki mlangoni akinielekeza kwa mkono, kwa sababu katika miaka kumi na miwili ya ndoa yake hakuwa amewahi kuingia chumba cha kulala cha baba mkwe wake. Hiyo ilikuwa tarehe 24 Septemba 1996, siku ya tatu tangu mzee arudi kutoka hospitali ya mjini Moshi akiwa na mpira wa kutolea mkojo.

Nyumba yao na yangu hapa Kilema zinatenganishwa na mstari wa masale, mimea yetu ya mpaka, na migomba michache, kwa hiyo mengi niliyaona, na mengine Dominika alinieleza mwenyewe.

Alikuja hapa mwaka 1984 akiwa bibi harusi, mwembamba, mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo. Alizaa mabinti wawili, ambao mwaka 1996 walikuwa wote shule ya bweni. Bei ya kahawa ilipoanguka, mumewe Ildefonce alikwenda Mererani kutafuta tanzanite. Hiyo ilikuwa 1992. Aliandika barua mbili, kisha akanyamaza. Mama mkwe akafariki 1994. Wakabaki watu wawili katika nyumba ile, mkwe na mkamwana, na kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kukaa mbali naye. Dominika aliweka chakula juu ya kigoda, akasema "Karibu, Baba," akaondoka. Jina lake hakulitamka. Mzee naye alipotaka kupita jikoni alikohoa kwanza uani. Hapakuwa na ugomvi wowote. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Mzee Wenseslaus alikuwa mpima kahawa wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka thelathini na mmoja. Septemba 1996 tezi dume ilimziba. Siku mbili hakupata haja ndogo, akalia kama mtoto, tukamshusha kwa pikapu hadi Moshi. Wakamwekea mpira, wakampa tarehe ya upasuaji: Alhamisi, 14 Novemba.

Kabla hawajaondoka, Nesi Salvina alimketisha Dominika kwenye benchi.

"Mfuko uwe chini ya kiuno siku zote. Ukiupandisha, mkojo uliokwisha kutoka unarudi ndani, na unarudi na wadudu. Wala mfuko usilale sakafuni. Kabla ya kufungua koki ya mfuko, nawa kwa sabuni. Ukishafunga, nawa tena. Mdomo wa koki usiguse jagi. Mwaga chooni, si kwenye migomba, si kwenye mfereji wa mfongo, maana huko chini watu wanakunywa. Na maji anywe sana. Umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

"Akija siku hiyo na homa, hapasuliwi. Anarudi mwisho wa foleni, na foleni ni miezi. Wewe ni binti yake?"

"Mkamwana."

Nesi Salvina alikuwa Mchagga kama sisi. Akasema, "Basi tafuta mwanamume."

Mwanamume wa karibu alikuwa Mathew, mdogo wake mzee, anayekaa ng'ambo ya mfongo. Dominika alimkuta uani na wenzake wawili, kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikizunguka.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba anahitaji mtu wa kumwaga ule mfuko. Asubuhi na jioni tu."

"Ng'ombe wangu mwenyewe nimeajiri mtu wa kuwakamua," Mathew akasema, "sembuse nikamkamue kaka yangu!" Wenzake wakacheka hadi kata ikamwagika. "Na mumeo yuko wapi? Bado anachimba tu?"

"Ningekuwa na mume nyumbani nisingekuja kwako, baba mdogo."

"Hee! Sikieni. Mkwe ana mdomo siku hizi."

Mimi nilijitolea. Mzee alinishukuru sana, akasema mikono bado anayo, na jirani ni jirani, si wa ukoo. Ikawa anamwaga mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua koki, kisha akaliweka jagi mlangoni likiwa limefunikwa kwa jani la mgomba. Dominika akalichukua bila kutazama ndani ya chumba, akaangalia kiasi na rangi, akamwaga kwenye choo cha shimo, akalisuuza kwa maji yanayochemka na kulianika juani kando na vyombo vingine. Mlangoni aliweka kopo la maji na kipande cha sabuni. Kila asubuhi alipima sabuni kwa macho kama imepungua. Siku nyingine ilikuwa haijaguswa, na hakuwa na namna ya kumwambia mzee kama yule, "Baba, hukunawa."

Hata hivyo Oktoba ilikwenda vizuri. Jagi lilitoka limejaa, maji yake ya rangi ya majani makavu. Dominika alihesabu siku.

Jambo lililoharibu mambo tulilifanya sisi. Jumapili moja ya Oktoba jumuiya yetu ya kanisani ilikwenda kumsalimu mzee. Kitanda kilikuwa juu ya matofali, na mfuko unaning'inia hapo mbele ya kila mtu, umejaa nusu. Antoni, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani, akauelekezea kidevu.

"Mzee, hiyo mbege ya kando mbona hutukaribishi?"

Tukacheka. Na mimi nilicheka. Mzee akacheka kuliko sote, akasema bado haijaiva. Dominika alikuwa sebuleni na chai, akasikia kicheko, akafurahi kwamba mgonjwa amechangamka.

Tulirudi Jumapili ya tarehe 3 Novemba. Mimi ndiye katibu wa jumuiya, na kwa desturi yangu nilimpelekea habari siku moja kabla, ili asishtukizwe. Tulipoingia alikuwa ameketi, blanketi limevutwa hadi kifuani. Mfuko haukuonekana. Mama Evelyn, mmoja wetu, akauliza, "Je, umeondolewa?" Mzee akajibu, "Naendelea vizuri." Tukasali rozari nzima. Tukazungumza habari za mvua na kahawa. Tulikaa zaidi ya saa mbili, na wakati wote huo mfuko ulikuwa juu ya tumbo lake chini ya blanketi, unarudisha ndani kile alichokitoa. Tulipoondoka akauacha hapo hapo. Majirani huingia bila hodi ndefu. Nani angejua atakayefuata?

Tarehe 5 jagi lilitoka na robo tu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Tarehe 7 kikombe cha maji alichopelekewa kilirudi kikiwa kimejaa. Alikuwa ameacha kunywa ili mfuko usijae. Jumamosi ya tarehe 9, siku tano kabla ya upasuaji, jagi lilikuwa kavu.

Dominika alisimama mlangoni.

"Baba, jagi liko tupu."

"Sina kitu leo."

"Baba, mfuko uko wapi?"

Akasikia kitanda kikitikisika juu ya matofali, na meno yakigongana.

Hakupiga kelele, wala hakuja kwangu. Alikwenda mpakani, akakata isale, akalifunga fundo. Kwetu, mtu aliyekosa humpelekea isale yule aliyemkosea, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe, hata kama damu imemwagika. Kwa kawaida hupelekwa na wazee, kwa maneno mengi. Dominika alilipeleka peke yake. Aliingia chumbani, akapiga magoti, akaliweka juu ya blanketi.

Mzee aliligusa fundo.

"Nani amekosa?"

"Mimi, Baba."

"Umekosa nini?"

"Bado. Nitakosa sasa hivi."

Mzee akageuza uso ukutani. "Isale halikataliwi," akasema. "Haya."

Dominika akanawa, akafunua blanketi. Mfuko ulikuwa umevimba kama kibofu cha ng'ombe aliyechinjwa, wa moto, na ndani yake mna ukungu na vijinyama. Harufu ilimpiga. Akauteremsha chini ya kitanda, akaangika, akafungua koki bila kugusa jagi, akajaza jagi, akaenda chooni, akarudi, akajaza tena. Mzee hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yaliyokuwa yanatikisika, na Dominika hakujua kama ni homa.

Siku tano zile alipigana. Alipata vidonge zahanati. Alimnywesha maji, uji, mtori mwepesi wa ndizi, kikombe baada ya kikombe, akikaa pale hadi kiishe. Alimwaga kila mfuko ulipofika nusu, akanawa hadi ngozi ya vidole ikapasuka. Mzee naye alianza kumwita: "Mkwe, umejaa." Alimwuliza habari za kwao, kama mama yake bado yu hai. Miaka kumi na miwili hakuwa amemwuliza hilo. Homa ilishuka asubuhi, ikapanda jioni. Usiku wa Jumatano ilishuka na kukaa chini, na alfajiri Dominika alinigongea akisema kwa sauti ya juu, "Ni wa baridi! Njoo umguse, ni wa baridi!"

Tulimpakia kwenye pikapu. Dominika alikaa chini, kwenye bati, mgongo ukigonga ubavu wa gari, akiushika mfuko chini ya usawa wa godoro la mgonjwa kutoka hapa hadi Himo, na kutoka Himo hadi Moshi. Pale hospitalini Nesi Salvina aliingiza kipimajoto kwapani. Tulimtazama uso.

"Thelathini na nane na nne."

"Sista, juzi zahanati walipima thelathini na tisa na nusu. Inashuka."

"Siwezi, dada."

"Ni jua la njiani. Subiri kidogo, umpime tena."

Akampima tena. Ilikuwa thelathini na nane na tano.

"Mtu mwenye wadudu kwenye damu hawezi kupanda mezani. Atafia huko."

"Na nikirudi naye nyumbani?"

Nesi Salvina aliandika tarehe nyingine kwenye kadi: 6 Februari. Wakamlaza siku tano, wakampiga sindano, wakabadilisha mpira. Dominika aliomba aone namna unavyotolewa. Nesi akamwonyesha: puto dogo lililo ndani limejazwa maji, lazima kwanza uyavute kwa bomba la sindano, ndipo mpira utoke. Akampa na bomba lenyewe, endapo mpira utaziba na barabara haipitiki.

Waliporudi, Dominika alichukua kipande cha kitenge chake, akashona kifuko chenye kamba mbili. Mfuko ukaingia humo, ukaning'inia chini kama inavyotakiwa, na mgeni angeweza kudhani ni mfuko wa nguo. Ulikuwa ushonaji wa nusu saa. Mzee alikipapasa.

"Hiki ungenishonea Septemba," akasema, bila ukali wowote.

Dominika aliniambia kwamba neno hilo alilibeba kuliko matusi yote ya Mathew. Nilimwambia kosa lilikuwa letu tuliocheka. Akasema, "Nyinyi mlicheka mara moja. Mimi nilikuwa na siku thelathini za kufikiri."

Homa ilirudi tarehe 12 Desemba. Safari hii kila kitu kilikuwa kinafanywa sawasawa: mikono, jagi, koki, maji ya kunywa. Haikusaidia, maradhi yalikuwa yameshaingia kwenye figo. Mvua ilikuwa imekata barabara kwenye kona ya chini, na tulipotafuta vijana wa kumbeba kwa machela, mzee alikataa. Aliomba padre. Alifariki Ijumaa, tarehe 20, baada ya kunywa maziwa nusu kikombe, Dominika akiwa amepiga magoti upande wa koki.

Wanaume tulikuja kumwosha: Mathew, mimi na Antoni. Dominika alikuwa ameandaa beseni, sabuni, taulo na shuka. Mathew akamwambia, "Toka sasa, mkwe. Hapa ni pa wanaume." Akatoka. Mathew akafunga mlango.

Tukafunua. Mpira ulikuwa ungali mahali pake. Mathew akaushika kwa ncha za vidole, akauvuta. Haukuja. Akavuta kwa nguvu zaidi, kisha akaacha, kijasho kikimtoka.

"Tukate," Antoni akasema.

"Ukikata utabaki ndani," nikasema. Nilijua hivyo tu, zaidi ya hapo sikujua kitu.

"Hatuwezi kumzika kaka yangu na mpira," Mathew akasema. Alisimama pale akitazama mikono yake. Mwishowe akafungua mlango.

"Mkwe. Njoo."

Dominika aliingia na bomba la sindano mkononi. Alituangalia mmoja mmoja.

"Geukeni."

Tukageuka, sote watatu, tukatazama ukuta. Nilisikia maji yakivutwa, kisha mpira ukitoka bila shida, kisha mkojo wa mwisho ukishuka kwenye jagi. Nilisikia akimfunika. Alinawa kwenye beseni la pembeni, taratibu, hadi kwenye viwiko.

"Tayari," akasema.

Mathew aligeuka wa kwanza. Alitazama mpira juu ya gazeti, na jagi.

"Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, baba mdogo. Dakika tano."

Dominika akachukua jani la mgomba, akafunika jagi. Uani waombolezaji walikuwa wamekwisha kuanza kujaa, na Antoni akamfungulia mlango ili apite. Mathew alinyoosha mkono ili alichukue jagi yeye. Dominika hakumpa. Alipita katikati ya watu, jagi mkononi, akielekea chooni.