Mgeni Aliyekuja na Miguu Mikavu

Usiniambie nilikuwa nimesinzia. Watu wa kwaya wameshaniambia hivyo, na dada yangu akaniuliza kama nilikuwa nimemeza dawa ya homa. Sikuwa nimelala, sikuwa mgonjwa, na ilikuwa mchana, saa zile watoto wanatoka shule. Kaa hapo nikuambie vile ilikuwa. Ukitaka kucheka, cheka nikimaliza.

Mimi ndiye hupiga kinanda kanisani kwetu hapa Nakuru. Si kibodi, kinanda. Na nikisema napiga, napiga! Uliza maharusi walioingia kanisani wakilia kwa sababu ya mikono hii. Nyumbani kwangu Kiamunyi nina kinanda changu mwenyewe, cha stima, nilichonunua kwa familia moja ya Milimani iliyokuwa inahamia ng'ambo. Juu kina safu mbili za kupigwa kwa mikono, na chini kuna vibao virefu vya mbao vya kupigwa kwa miguu, vile vinavyotoa sauti nzito. Kimejaza sebule mpaka kochi moja likahamia chumba cha kulala. Nikifunga duka langu la vitambaa nakuja, navua viatu, nakaa, napiga mpaka mabega yalegee. Raha ya hapo sijui nikuelezeje.

Shida ilikuwa miguu. Mikono nilizaliwa nayo, lakini miguu ilikuwa imekataa katakata. Hiyo haikunisumbua, kwa sababu kinanda cha kanisa kilikuwa cha kizamani kisicho na vibao. Halafu kanisa likaletewa kipya, chenye vibao, na askofu akawa anakuja kukibariki. Wazee wa kanisa wakasema atakayekipiga chote, mikono na miguu, ndiye atakayekalia kile kiti. Kuna kijana wetu wa kibodi anaitwa Brayo. Akaniambia, "Mathe, si upumzike tu? Umetumikia sana." Hebu fikiria! Mimi nipumzike!

Basi nikawa nafanya mazoezi kama mwendawazimu. Mchana huo mvua ilinyesha mpaka nikafunga duka mapema, nikawa sebuleni nikipambana na vibao, mguu ukienda huku na sauti ikienda kule. Nikasikia hodi.

Alikuwa mama wa rika langu, na gauni la Jumapili na kitambaa kichwani. Akasema alikuwa anapita akasikia kinanda. Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipokosea. Unajua udongo wa kwetu wakati wa mvua. Na mimi na kapeti yangu tunajuana. Mgeni yeyote kwangu, hata awe pasta, namwangalia miguu kwanza. Nikamwangalia. Alikuwa pekupeku, na miguu yake ilikuwa safi kabisa, hata tone la maji hakuna. Nikafurahi! Nikasema moyoni, huyu mama amelelewa vizuri, nikamkaribisha. Sikujiuliza mtu anatokaje barabarani kwenye mvua ile na miguu mikavu. Wewe ungejiuliza?

"Miguu inakusumbua," akasema, hata kabla sijamwambia kitu.

"Inanisumbua sana, mama. Na askofu anakuja."

Akakaa kwenye kinanda akapiga. Jamani! Ile miguu ilitembea juu ya vibao bila kutafuta, na sauti ikatoka chini kwenye sakafu ikapanda mpaka vikombe vikalia kabatini. Nilisimama hapo nikalia waziwazi. Nimesikia wapigaji wengi, lakini wa namna hiyo sijawahi, na nimeringa maisha yangu yote.

Akanigeukia. "Nikupe hii miguu?"

Nikacheka. "Nipe, mama. Utataka nini?"

"Wimbo mmoja tu. Ule unaoupenda kuliko zote. Uniimbie mpaka mwisho."

Nikaona ni mambo ya walimu wa muziki, kubadilishana nyimbo. Sikuhitaji hata kufikiria. Kuna wimbo mama yangu alikuwa akituimbia kule Molo, kwa lugha ya kwetu, tukiwa na njaa au tukiogopa radi. Una beti mbili tu. Ndio wimbo wa kwanza vidole hivi kuutafuta kwenye kinanda. Nikakaa, nikapiga na kuimba ubeti wa kwanza. Yule mama alikuwa amefumba macho, midomo wazi, kama mtoto anayelishwa.

Ubeti ulipoisha nikakumbuka mgeni hajapewa hata chai. Nani humkalisha mgeni bila chai? Nikamwambia, "Ngoja niweke maji, nitamalizia." Akasema, "Maliza kwanza." Nikamwambia kwangu hatufanyi hivyo, nikaenda jikoni. Nyuma yangu nikamsikia ameanza kuupiga ule ubeti, miguu na mikono.

Nikabonyeza birika la stima. Kimya. Friji pia kimya. Nikachungulia dirishani: kinu cha unga pale kona, ambacho hunguruma mchana kutwa, kilikuwa kimenyamaza, na wenye magunia wamesimama nje wakilalamika. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima.

Na sebuleni kinanda kinalia.

Lakini mimi si mtu wa kukimbia nyumba yangu mwenyewe. Nikarudi, nikasimama mlangoni. Taa ndogo ya kinanda ilikuwa imezima, na yeye anapiga. Akasema bila kugeuka, "Bado ubeti wa pili."

Nikauanza ubeti wa kwanza kichwani, ili nifike wa pili. Sikuupata. Nikautafuta kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko alimoziweka mwenyewe. Haukuwepo. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nauza.

"Mama," nikamwambia, "ubeti huo mwingine ni wa mama yangu. Toka kwangu."

"Na askofu je? Umepata mguu mmoja tu."

"Askofu atanipata nilivyo. Toka!"

Akatoka taratibu, wala hakukasirika. Nikamfuata mpaka barazani nikamwona akishika njia, matope yote yale, na nyuma yake hakuacha alama hata moja. Nilivyorudi, kinanda kilikuwa baridi kama kitu kisichoguswa tangu juzi.

Askofu alikuja, na mimi ndiye nilipiga. Kiti ni changu mpaka leo, na Brayo ananigeuzia kurasa. Mguu wangu wa kushoto unatembea kwenye vibao wenyewe, bila kukosea, wala sijaufundisha. Wa kulia ni mzembe vilevile. Watu husifu, na mimi huitikia asante, kwa sababu nifanye nini?

Lakini ule ubeti wa kwanza umepotea. Nilimpigia dada yangu simu, hana. Nikaenda Molo kwa mama mwenyewe. Akaketi akafikiri, akashika kichwa, akaanza kulia kwa aibu, akadhani ni uzee. Sikuweza kumwambia ni mimi. Siku hizi nikienda kwake na amelala vibaya, hunishika mkono na kusema, "Niimbie ule wetu," nami humwimbia tulichobaki nacho, ubeti wa pili.

Kwa hivyo mgeni akija na mvua, mwangalie miguu, na kapeti iache ichafuke. Akiwa na matope, mshukuru Mungu na umpikie chai. Akiwa mkavu, usimwimbie kitu chochote ambacho mama yako alikuimbia. Kwa maana ubeti wetu wa pili unaanza hivi: "Kwa sababu hiyo, mwanangu, usilie." Na mama huniuliza kila mara, "Sababu gani?" Na mimi sijui.