Kiazi Kipya na Neno Starehe

Marehemu mume wangu alikuwa Mwigbo wa Nigeria. Biashara ya vipuri vya pikipiki ndiyo iliyomleta Handeni, akaoa Mzigua, mimi, tukakaa Chanika, mlemle mjini. Kwao viazi vikuu vipya vya msimu haviliwi ovyo. Mwenye nyumba hukata cha kwanza, akashukuru, akagawia watu. Na lazima mtu wa nje aonje. Kukila peke yenu, aliniambia, ni sawa na kusema nyinyi hamna watu.

Mwaka wetu wa kwanza alivifuata mpaka sokoni Mashewa. Akachoma, akamimina mawese, akavaa shati lake la sikukuu, akasimama barazani na sinia. Kila aliyepita alimwita: "Karibu!"

"Starehe!" wakamjibu, wakapita zao.

Akarudi ndani na sinia limejaa. "Wananidharau! Nawaita kula, wao wananiambia starehe!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, jamani. Nikamweleza kwamba huku mpita njia akikaribishwa chakula hujibu hivyo, maana yake wewe endelea kula kwa raha. "Ni adabu tu, mume wangu. Hakuna aliyekutukana."

"Sasa nani atakula?"

"Si mimi hapa?"

"Wewe ni wa ndani," akasema, akakaa.

Basi ikawa hivyo kila mwaka. Anatoka, anaita, anapata starehe zake, anarudi, nami nacheka. Watu wa mtaa huu wamenizaa. Ningemshika mmoja tu mkono nikamwambia, ingia bwana, kwa huyu jambo hili ni zito, angeingia. Sikufanya. Nilikuwa naona kichekesho, mjinga mimi.

Alifariki wakati wa masika. Viazi vilipokomaa nikaenda Mashewa mwenyewe, nikachagua kimoja kinene. Kukata nilikata, ila maneno yake ya kushukuru sikuwahi kujifunza, nikasema asante tu. Nikachoma, nikatoka na sinia barazani.

Jirani yangu alikuwa anapita na ndoo ya maji.

"Karibu kiazi, jirani!"

"Starehe, mama!" akajibu kwa tabasamu, akaenda zake.

Baada yake wakapita wengine watatu. Starehe, starehe, starehe. Nilijua ni adabu tu. Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu hivyo. Nikarudi ndani na sinia limejaa, na hapakuwa na mtu wa kunicheka.