Siku Bosi Alipopanda Kwenye Kilemba cha Mwenyekiti

Naona aibu kusimulia hili, lakini mtaani kwetu Ilemela wameshalisimulia sana na chumvi wameongeza, kwa hiyo bora mlisikie kwangu.

Nilimkuta kinyonga kwenye uzio wa minyaa, nikampenda, nikamwita Bosi, na nikaamua kumjengea banda la heshima: fremu ya mbao, wavu wa dirishani ili apate hewa, matawi ya mpera ya kupanda, na kila asubuhi nampulizia maji kwenye majani kwa ile chupa ya kunyooshea nguo, maana kinyonga hajui bakuli, analamba matone. Ilibaki kuweka udongo chini, ndoo moja tu, nami nikasema utanichafulia vigae (vya nyumba ya kupanga, hata si vyangu), nikatandika gazeti.

Tumbo la Bosi likawa kubwa. Nikajisifu kwa majirani kwamba dume langu limenenepa kwa panzi ninaomletea. Kisha akaacha kula, akashinda siku mbili anakwangua gazeti kwenye kona, na mimi nikadhani ni mazoezi.

Jumamosi ikawa zamu yangu kupokea jumuiya. Watu wameketi kwenye mikeka, mwenyekiti wetu Mama Kulwa, mama wa kuheshimika kabisa, kaegemea ukuta karibu na banda. Tumefumba macho tunasali rozari, nikafumbua moja (nilikuwa naiwazia chai jikoni), nikaona wavu umebanduka na Bosi katulia juu ya kilemba cha Mama Kulwa, jicho moja linanitazama mimi, lingine linatazama mlango.

Nikatambaa kwa magoti, nikanyoosha mkono. Hapo hapo wakaitikia Amina, wakafumbua macho, wakanikuta nimemshika mwenyekiti kichwani.

"Deo mwanangu, unatafuta nini?" akauliza kwa upole.

"Shikamoo mama," nikajibu.

Akapapasa kilemba, akamgusa Bosi, akakirusha kilemba nje barazani, na chumba kizima kikatoka mbio kwenda kuona. Bosi akashuka kwenye kitambaa taratibu, akayumba mpaka kwenye ndoo nilimopanda mshubiri. Mzee Masanja, jirani yangu, akanyanyua fagio.

"Muache," Mama Kulwa akasema, kichwa wazi. "Huyo ni jike, ana mayai. Deo, umemfungia mzazi pasipo na udongo. Angekufa humo."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakuna aliyenitazama tena, kwa sababu Bosi alikuwa anachimba. Alichimba kwa vile vidole vyake vidogo, akapotea kichwa, akapotea mwili, ukabaki mkia. Watu wanaomkimbia kinyonga maisha yao yote wakachuchumaa bega kwa bega, chai ikapoa, mchana ukapita, hakuna aliyeaga. Alasiri akatoka amekonda, ngozi imelegea, akafukia, akashindilia udongo kwa miguu mpaka usingejua kuna kitu kimewekwa pale. Mzee Masanja akavua kofia.

"Rozari hatujaimaliza," Mama Kulwa akanong'ona.

Tukaimalizia pale pale tukiwa tumeizunguka ndoo, kwa sauti ya chini kama watu walio karibu na mtoto aliyelala.

Bosi nilimrudisha kwenye minyaa jioni ile. Sifungii tena kiumbe chochote ambacho sijajua hata kama ni baba au mama.