Spea Haiulizi Njia

Tulimwita Spea, kama tairi la akiba, na jina hilo nilimpa mimi, kipa namba moja wa timu. Misimu mitatu alikaa mwisho wa benchi, karibu na ndoo ya maji, glovu zake kavu kazibana magotini. Alizokuwa akizilowesha ni zangu: anazikamua mara mbili, anazilaza viganja juu, kisha ananiambia kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, "Kaka, tayari." Hata mazoezini, akiufuata mpira wa juu, alipaza sauti "Yangu!" utadhani anaomba radhi. Siku moja akaniuliza, "Kaka, hizi penalti unazisomaje?" Nikamjibu, "Spea haiulizi njia." Chumba kizima kikaangua kicheko, naye akacheka, huku anaendelea kukamua.

Goti langu liliponigomea, akaingia yeye, na Jumamosi iliyopita akapangua penalti. Leo jina lake liko juu kwenye orodha ukutani. Langu liko chini, pamoja na wa akiba. Nikaenda kwenye ndoo nimloweshee glovu. Nikakuta jozi mbili zimelazwa viganja juu, zake na zangu. "Kaka, tayari," akasema. Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Ndipo nikamwambia nilichomnyima: "Penalti, mwangalie mpigaji mguu anaokanyagia, si anaopigia." Akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu asiyejua. "Asante, kaka."

Lakini Jumamosi ile aliyopangua penalti nilikuwa benchi, nikamwona. Kabla mpira haujapigwa, macho yake yalikuwa pale pale, kwenye mguu wa kukanyagia.