Hoteli Aliyomchagulia Mkwewe

Mama yangu alipovimba tumbo, mganga wa kwetu alimpa mizizi akanywa. Akapata nafuu kidogo, kisha uvimbe ukarudi na tumbo likakaza kama ngozi ya ngoma. Hospitali ya Shinyanga wakatuambia hilo ni la kupasuliwa, apelekwe Mwanza kwenye hospitali kubwa. Wakati huo Mwingereza bado yupo. Mimi nina mtoto mmoja tu, na mume wangu anafanya kazi Geita, kwenye mgodi wa dhahabu. Majina ya watu wote nitakaowataja hapa ninayo kichwani, hata la yule bawabu, lakini wengine wana wajukuu, basi nayaacha.

Watu wakisikia mgodi wanadhani mume wangu alikuwa anachimba. Hakuchimba. Alikuwa anatandika vitanda kwenye nyumba waliyofikia wageni wa Kizungu. Kutwa anawasikia wakilalamika: godoro lina mabonde, shuka linanuka, maji ya kuoga yamepoa. Kwa hiyo mambo ya malazi aliyajua kama mimi ninavyoijua pamba. Aliomba likizo akaja, akaniambia, "Mwambie mama, safari hii atalala kama mke wa gavana."

Alisema "mwambie" kwa sababu hakuweza kumwambia mwenyewe. Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mama akimwona anakuja njiani alikuwa anaingia kwenye mtama mpaka apite. Hawali pamoja, na mmoja hakanyagi mahali mwenzake anapolala. Hata kumsikia mkweo akiugulia ni aibu, aibu ya anayesikia na ya anayesikika. Si chuki hiyo. Wale wawili walipendana sana, kwa namna yao hiyo ya kukimbiana.

Tulipanda treni, mimi na mama behewa moja, mume wangu behewa la nyuma. Tukafika Mwanza Jumapili mchana. Daktari wa kupasua angeonekana Jumatatu asubuhi. Ndugu yetu mmoja tuliyekuwa naye Mwanza alikuwa amehamia Ukerewe. Basi kazi ikawa moja tu, kumpatia mama mahali apumzike, ili kesho aingie kwa daktari akiwa na nguvu. Alikuwa amebaki macho na tumbo.

Mume wangu kwanza alitupeleka kwenye hoteli ya Wazungu, karibu na ziwa. Alijua hatutaingia. Nadhani alitaka tu kuiona. Bawabu alimtazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, mzee," mume wangu akasema.

"Marahaba. Jikoni wamejaa, hakuna kazi."

"Sitafuti kazi. Natafuta kitanda."

Bawabu akacheka mpaka akashika nguzo. "Kitanda! Mwenzio huu mwaka wa ngapi, naingia kwa mlango wa nyuma, na viatu mkononi. Mpeleke mgonjwa wako kule juu kwa weusi wenzako, usije ukanifukuzisha."

Tukapanda mtaani, mume wangu mbele, mimi katikati, mama nyuma ananishika bega. Mahali pa pili palikuwa kwa mjane mmoja Msumbwa, aliyepangisha vibanda uani kwake. Vibanda vya udongo, kila kimoja peke yake, kimoja huku na kingine kule, mhogo umepandwa katikati. Mama alipoviona akakaa chini mwenyewe, akashusha pumzi.

"Mwambie baba wa mtoto hapa panatosha," akaniambia.

Mume wangu alikuwa ameshaingia ndani. Akainua mkeka, akapiga kitanda cha kamba kwa ngumi, akatoka na kunguni kwenye kiganja. Akamwonyesha mwenye nyumba.

"Hao ni wenyeji," yule mjane akasema. "Wewe ndiye mgeni, ungewasalimia kwanza."

"Mgonjwa wangu halali na kunguni."

"Haya, bwana mkubwa. Nenda kwa bati ukalale na karani."

Huko ndiko tulikokwenda. Ilikuwa nyumba ndefu ya bati na saruji, ya mfanyabiashara mmoja wa pwani, na kwa mtu mweusi hapakuwa na hoteli nyingine ya kifahari kama ile. Walimu walilala pale, na makarani wa pamba. Vilibaki vyumba viwili, vimepakana. Mume wangu alikagua kama anavyokagua kule mgodini: akakandamiza springi za kitanda, akafunua shuka akalinusa, akagonga mtungi wa maji, akachungulia choo. Akatoka anatabasamu.

Mama alikuwa mlangoni anatazama juu. Nami nikatazama. Ukuta wa kutenga vyumba vile haukufika kwenye bati. Uliishia kimo cha mtu na mkono wake, ili hewa ipite. Mtu wa huku akigeuka kitandani, wa kule anasikia.

"Mwambie kwa yule mama panatosha," akanong'ona tena.

Nikamwambia mume wangu. Akajibu, "Ukuta upo. Milango ni miwili. Mama anaogopa nini? Hawa Wazungu wote niliowatandikia, hakuna aliyelalamikia ukuta." Kweli, Wazungu wale hawakuja na wakwe zao.

Mama hakusema mara ya tatu. Zawadi ya mkwe haikataliwi. Akaingia, akalala juu ya shuka jeupe.

Giza lilipoingia maumivu yakaja. Niliyaona, sikuyasikia. Aliikunja kanga akaiweka mdomoni. Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Mayu, mama yangu, nimwite?" Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akaonyesha ukuta kwa macho. Nikampa maji, akakataa, maana kumeza kulimfanya agune. Kule upande wa pili kimya vilevile, hata springi hazilii. Akaniachia mkono kabla hakujapambazuka.

Nilipolia ndipo mume wangu alipotoka mbio mpaka mlangoni kwetu, akasimama hapo. Hakuweza kuingia. Aliita watu wa vyumba vingine, karani mmoja na mwalimu mmoja, watu wasiomjua mama, nao ndio waliombeba. Yeye alifuata kwa mbali, ameinamisha uso. Mwenye hoteli alitupa pole, akatuomba tupitie nyuma ili wageni wasishtuke.

Kwa joto lile hatukuweza kumrudisha kwetu. Tukamzika Mwanza. Tukitoka makaburini mume wangu akaniambia, "Usiku mzima sikukohoa. Sikugeuka hata ubavu, nisimsumbue. Nilisikia kimya kile nikasema, leo amelala."

Nikajifunga kanga yangu vizuri, nikaendelea kutembea.

Nyumbani watu walikuja hata kutoka Songwa kutuhani. Mume wangu alikaa na wanaume, nikamsikia akiwasimulia kitanda, shuka, mtungi, na kwamba mkwewe alikwenda usingizini, bila kutoa hata sauti. Wazee wakasema amemtunza mkwewe kuliko watoto wa kiume wanavyotunza mama zao. Akalia, wakamwacha alie.

Kwetu sisi wanawake, shangazi yangu akanisogelea. "Na wewe uliyekuwa naye chumbani, mwanangu, alisema nini?"

Nikamwambia hakusema kitu. Na kweli hakusema.