Dirisha la Juu ya Duka la Miavuli

Kwa miaka ishirini na tisa Minegishi Sadao alichora katuni iliyosomwa Japani nzima, na jina lake halikuwahi kukaa kwenye jalada hata moja. Jalada lilikuwa la Mwalimu Kuramochi, mwenye hadithi. Mwalimu alichora watu wenye majina. Sadao alichora vilivyobaki: mapaa, nguzo za umeme, paka, mvua. Hasa mvua. Hata Mwalimu alikiri kwamba mvua ya Sadao ilimlowesha mtu.

Na katuni yenyewe iliuzika, usiseme! Vitabu vilifika sabini na viwili. Treni zikapakwa sura za wahusika, biskuti zikakatwa kwa umbo la vichwa vyao, na siku moja daktari wa meno akamfunga Sadao shingoni kitambaa chenye picha ya mtaa aliouchora mwenyewe. Sadao akafungua mdomo.

Kinue, mkewe, alikufa kwa figo katuni ikiwa na miaka kumi na minane. Wiki iliyofuata Sadao alirudi mezani, akawekewa ukurasa wa mtaa uleule. Juu ya duka la miavuli palikuwa na dirisha. Akamchora Kinue humo, mdogo kama punje ya mchele, ameegemeza kiwiko, anatazama chini. Tangu hapo kila mtaa ulipotokea, Kinue alikuwemo. Mamilioni walimpita bila kumwona, na mumewe hakumwambia mtu.

Sasa Mwalimu alikuwa anaimaliza hadithi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtaa umelala, taa zimezimwa. Katika kazi ile, mahali pa kujazwa wino mweusi huwekwa alama ya X kwa penseli ya buluu, maana buluu haionekani ikichapwa. Sadao akaziona X za Mwalimu. Moja ilikuwa juu ya dirisha.

"Mzee, umeganda kama tofu ya jana," alisema Hisako, mchoraji mwenzake wa meza ya pili. "Au unawaza utakula wapi hadithi ikiisha?"

"Nakwenda kwa Mwalimu mara moja."

Mwalimu alikuwa chumba cha pili, amejifunga kitambaa cha moto begani.

"Mwalimu, samahani. Dirisha la juu ya duka la miavuli, naomba libaki na taa."

"Mtaa umelala, Sadao. Taa ya nini?"

"Humo mna mtu."

"Mtu gani?"

"Kinue."

Mwalimu akachukua kitabu rafuni, kisha kingine, akavisogeza machoni. Akafungua na cha tatu, na cha nne.

"Miaka kumi na moja! Na watu husema nina jicho. Mbona hukuniambia, wewe?"

"Tulikuwa kazini, Mwalimu."

"Taa iwake. Nenda."

Sadao alirudi nusura akimbie. Hisako alikuwa anasuuza brashi.

"Nimekupunguzia, mzee. X zote nimezijaza. Mhariri yuko sebuleni anangoja ukurasa, chai yake ya tatu hiyo."

Dirisha lilikuwa jeusi, bichi bado.

Alipoelezwa, Hisako alijishika mdomo. "Nisamehe, mzee. Mimi niliona X tu."

"Hujakosea. X ni X."

Sadao akapaka wino mweupe juu yake, akangoja ukauke, akashika kalamu nyembamba kuliko zote. Haikushuka.

"Iga kile cha zamani," Hisako alisema, akamfungulia kitabu.

Akatazama, akafungua na kingine cha nyuma zaidi. Kila wiki alikuwa ameiga picha ya wiki iliyopita, na mwaka hadi mwaka pua ilifupika, shingo ikarefuka. Yule hakuwa Kinue. Akafumba macho amtafute mwenyewe, wa nyumbani, na aliyekuja alikuwa yuleyule wa dirishani.

"Alikuwaje, mzee? Mashavu yake?"

"Alikuwa…"

Mhariri alikohoa nyuma ya mlango. Ukurasa ukaondoka hivyo, mtaa mzima giza na dirisha moja jeupe, tupu.

Barua zilikuja kwa magunia: nani yule hajalala? Mwalimu alimpa Sadao zote. Alizisoma moja moja, hakujibu hata moja.