Mvua Niliyoiomba Kasha

Naikumbuka vizuri Jumamosi moja ya mwisho wa masika, mwanangu. Mpaka leo, mvua ikianza kugonga mabati, huwa naacha kwanza ninalofanya na kusikiliza, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Juzi uliponipigia simu kutoka huko Kanada ulinichekesha. Ulisema umeingia klabu ya watu wenye pikipiki zisizo na magurudumu, zinazoteleza juu ya theluji. Tangu majani yaanze kuanguka mnakata matawi, mnatengeneza vidaraja, mnawaomba wenye mashamba ruhusa ya kupita, na sasa kazi imekwisha mmebaki kutazama mbingu. Nilicheka kwa sababu nilijiona mwenyewe. Halafu ukashusha sauti: “Papa, theluji ikianguka tu, itafunika yote.” Simu ikakatika. Neno lako hilo, “yote,” halijanitoka kichwani. Unanijua, mimi ni mtu wa kugeuza neno moja mara mia. Nimeona nikuandikie.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, tulipokuwa tunaitana sitwayeni, yaani raia, hata na jirani tuliyekua naye uani. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu, nina kazi ofisini mjini Bukavu na pikipiki kuukuu iliyokuwa ikinichafua suruali kila nilipoipanda. Tulikuwa wanaume wanane wenye pikipiki, tukaunda klabu. Kiongozi wetu alikuwa Papa Mushagalusa, fundi, mtu mfupi, mpole, ambaye kucha zake hazikuwahi kutakata mafuta. Mimi nilikuwa katibu. Waliniita Gradué, yaani mhitimu, na hawakuniita hivyo kwa heshima.

“Gradué,” Papa Mushagalusa alikuwa akiniambia, “weye unafikiri mpaka chai inapola.”

Njia yetu ilianzia nyuma ya mtaa wa Kasha, ikapanda kati ya mashamba, ikapita kwenye mikaratusi, ikashuka bondeni na kurudi. Kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kufyeka mitaa, wengine walikwenda kupumzika. Sisi tulibeba majembe yetu juu kilimani. Tulichimba mitaro ya kupitisha maji, tukajaza mashimo, tukalaza magogo penye tope, tukafunga vitambaa vyekundu kwenye kona. Tulifanya hivyo masika yote bila kupanda pikipiki hata mara moja kwenye njia hiyo.

Ndivyo tulivyoahidi. Papa Mushagalusa alikwenda kwa kila mwenye shamba, akaketi, akanywa kasiksi, pombe ya ndizi, aliyopewa, akatoa neno: hatutapita mpaka udongo ukauke. Gurudumu likikata udongo wa mlima ukiwa umelowa, mvua inayofuata hugeuza alama ile kuwa korongo, na korongo hula shamba. Kwa hiyo kila Jumamosi alisimama mwanzo wa njia, akainua mguu, akapiga kisigino chini kwa nguvu zote. Sote tuliinama kutazama. Kisigino kikiacha alama, alisema neno moja tu: “Bado.” Wengine wakaguna, wakamlaumu Mungu, tukachukua majembe.

Mahali pagumu kuliko pote palikuwa kona ya juu ya shamba la Mama Nabintu. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Kila tulipofika alitutolea kibuyu cha maji bila kuombwa. Juu ya shamba lake lilikuwa shamba la Bisimwa, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Njia yetu ilipita katikati, kando ya mstari wa mimea yenye majani marefu kama mapanga. Kona ilikuwa nyembamba. Jumamosi ile niliyoitaja niliachwa peke yangu kuipanua, wenzangu wakaenda kwenye magogo.

Mimi nilikulia mjini, mwanangu. Baba yangu alikuwa karani. Maharagwe niliyajua yakiwa tayari kwenye sufuria. Nilipima kona kwa hatua, nikachora kwenye daftari, nikafikiri muda mrefu kuhusu mzunguko wa gurudumu. Kuhusu ile mimea sikufikiri hata kidogo. Ilikuwa saba tu; niliing'oa yote, na mizizi yake. Na kwa kuwa kulikuwa na mtaro mpya tuliokuwa tumeuchimba, kwa ruhusa ya Mama Nabintu, hatua kumi chini ndani ya shamba lake, niliipanda yote saba kwenye ukingo wa mtaro ili ishike udongo. Niliisimamisha kwa mstari, umbali sawa kati ya mmoja na mwingine. Nilirudi nyuma nikaitazama. Nilijipongeza.

Siku nne baadaye nilikwenda kwenye karakana ya Papa Mushagalusa kutengenezewa breki. Alikuwa amelala chini ya gari, nikaona miguu yake tu.

“Umesikia? Bisimwa anataka kumunyanganya Mama Nabintu shamba,” alisema kutoka kule chini. “Anasema kaka yake alivuka mupaka. Ameomba muzee wa mulima akuje kuuangalia, kiangazi ikianza.”

“Na muzee ataujuaje mpaka?” niliuliza.

Miguu ikacheka. “Gradué! Basi chuoni munafundishwaka nini? Si ile mimea ya majani marefu? Hakuna mutu anaigusaka. Mwenye kuigusa ni mwizi wa udongo. Bahati ya mama, iko pale imesimama tangu bwana yake aliipanda.”

Nilisema breki zinatosha, nikatoka. Sikumbuki nilifikaje nyumbani.

Sasa sikiliza jinsi akili ya mtu mwenye hofu inavyofanya kazi. Nilijiambia nitakwenda kumwambia mama kesho. Kesho nikajiuliza: nikimwambia, je, hataniita mwizi wa udongo mbele ya watu? Klabu haitafukuzwa mlimani kwa ajili yangu? Basi nikawaza kwenda kuirudisha mimea mahali pake kimya kimya. Lakini mchana mlima ule una macho kila kichaka, na usiku mashimo singeyaona. Nikionekana na mimea ya mpaka mikononi, nani ataamini kwamba nairudisha? Niliandika kwenye daftari sababu za kusema na sababu za kunyamaza. Za kunyamaza zilijaza ukurasa. Kila moja ilikuwa na akili.

Ndipo nilipopata njia ya tatu. Mvua. Mvua ikiendelea, kiangazi kitachelewa, na muzee wa mulima, mwamuzi wa mashamba, hatapanda. Nikaanza kuomba mvua.

Jumamosi iliyofuata kisigino kilizama mpaka kwenye kifundo. “Bado!” Wenzangu wakalia kama watoto. Mmoja alisema, “Papa, mvua hii itatumaliza! Pikipiki yangu inaota uyoga!” Nami niliguna pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote, huku moyoni nikishukuru. Tulipopita chini karibu na nyumba yake, Mama Nabintu alileta kibuyu chake. Nilikunywa. Niligeuza uso nisimwone, maji yakanimwagikia shati.

“Uko mugonjwa, mwanangu?” aliniuliza.

“Hapana, mama. Ni baridi tu.”

Alikuwa hajapanda juu kule kwenye mpaka. Palizi ilimweka sehemu ya chini, nyumbani kwake. Wenzangu walitazama matope tu; mimi ndiye niliyeona. Kule nilikong'oa, mvua ilikuwa imejaza mashimo. Palikuwa laini kama paji la uso. Na kule chini, kwenye mtaro, ile mimea saba ilikuwa imeshika. Majani yalikuwa yamesimama, mabichi, yanang'aa. Mvua niliyoiomba ilikuwa inaimwagilia.

Jumamosi ya pili, mvua tena. “Bado.” Nikapumua. Halafu Jumapili jua likatoka. Jumatatu jua. Jumanne nilitazama mbingu kupitia dirisha la ofisi mpaka mkuu wangu akaniuliza kama nangojea ndege. Wiki nzima halikuonekana hata wingu moja.

Jumamosi Papa Mushagalusa aliinua mguu, akapiga kisigino. Tuliinama. Udongo ulitoa sauti kama mlango uliogongwa. Hapakuwa na alama.

Wenzangu walipiga kelele, wakakumbatiana, wakawasha pikipiki zote kwa pamoja, mlima ukajaa moshi. Yule wa uyoga alicheza dansi na helmeti yake. Mimi niliwasha yangu nikakaa juu yake kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha daktari wa meno.

Tulipofika kwenye kona tulizima injini. Watu walikuwa wamesimama njiani. Muzee wa mulima alikuwa ameegemea fimbo yake, koti limefungwa mpaka shingoni. Bisimwa alikuwa ndani ya shamba la shemeji yake, karibu na mtaro.

“Muone na macho yenu!” alikuwa akisema. “Mimea iko hapa. Si miye niliipanda. Iko hapa, na mimea haisemaka bongo, haidanganyaka. Hii yote ya juu ni yangu.”

Hatua kumi, mwanangu, kwa upana wote wa shamba. Hapo ndipo ilipokuwa nusu ya viazi vya Mama Nabintu na mashina matatu ya migomba ambayo mume wake aliyapanda mwaka waliooana.

Mama Nabintu alikuwa akitazama ile mimea, kisha akitazama juu, kisha ile mimea tena. Hakupiga kelele. “Bwana yangu aliipanda kule juu,” alisema polepole. “Nilimushikia jembe. Ao mimi njo napoteza akili?”

Hilo ndilo lililonivunja. Kumwona akijishuku yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, kwa sababu yangu. Nilishuka kwenye pikipiki, nikaiacha ikaanguka.

“Ni mimi,” nilisema. “Niling'oa kule juu, nikapanda hapa. Mama hajapoteza akili.”

Muzee aliingia kwenye mtaro, akainama kwa shida, akavuta mmea mmoja. Ulitoka bila kusumbua. Aligeuza mizizi kwenye mwanga: midogo, myeupe, mifupi kama kidole cha mtoto mchanga. “Hii ni ya masika hii,” alisema. “Kijana anasema kweli.” Bisimwa akatema mate pembeni.

“Basi tuonyeshe,” muzee aliniambia. “Uliing'oa wapi kabisa? Weka mukono.”

Nilipanda mpaka kwenye kona, nikapiga magoti. Mwanangu, nilitafuta shimo moja tu. Nilipapasa udongo ule kama kipofu. Ulikuwa mgumu, sawasawa, umefungwa na wiki mbili za mvua na wiki moja ya jua. Njia niliyoipanua ilikuwa imekula upande mmoja na mtiririko wa maji ulikuwa umekula mwingine. Nilisema, “Hapa.” Kisha nikasema, “Ao hapa.” Bisimwa alicheka. “Anasema kote!” Akashuka hatua nne, akaweka mguu: “Ilikuwa hapa.”

Muzee aligonga udongo kwa fimbo yake. “Uliing'oa lini?”

“Jumamosi tatu zimepita.”

“Ungesema siku ile, tungeweka kila mumea ndani ya shimo yake, hata mutoto angeweza. Sasa nifanye nini na hapa ao hapa?”

Alikata mpaka katikati ya mahali niliposema mimi na mahali alipodai Bisimwa, kwa vile hakuwa na kingine cha kushika. Mama Nabintu alipata shamba lake, viazi vyake vyote. Lakini hatua mbili za juu zilikwenda, na yale mashina matatu ya migomba yalikuwa ndani ya hatua hizo mbili.

Nilimwendea. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Aliniwahi.

“Nilikupatia maji,” alisema. “Kila Jumamosi. Ulikuwa unangojea nini?”

“Nilikuwa nangojea mvua, mama.”

Alilitafakari hilo, kama mtu anayeonja chakula kigeni. Kisha akamgeukia Papa Mushagalusa, ambaye alikuwa amevua kofia. “Batu yako batapita, Papa. Neno yangu ni neno yangu. Lakini huyu, hapa kwangu, atapita na miguu.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Kiangazi hicho, na viangazi viwili vilivyofuata mpaka nilipohamishiwa kazi kwingine, wenzangu walipita kwenye kona ile wakinguruma, vumbi likipanda mpaka kwenye mikaratusi. Mimi nilifika, nikazima injini, nikaisukuma pikipiki kando ya shamba la Mama Nabintu, hatua kwa hatua, nikipita mbele ya migomba ile mitatu ambayo sasa ilikuwa upande wa pili. Hakuna aliyenilinda. Ningeweza kupanda siku ambazo hakuwapo. Sikupanda. Mwaka wa mwisho, siku ya jua kali, nilimkuta amesimama njiani na kibuyu. Alinipa. Nilikunywa, safari hii bila kumwaga.

Mwanangu, sikuulizi theluji hiyo itafunika nini. Huenda ni uzio wa mtu, huenda si kitu, ni mimi tu na hofu zangu za zamani. Lakini kama kuna kitu, nenda kwa mwenye shamba leo, wakati ardhi iko wazi na kila mtu anaweza kuona palikuwaje. Usikae kuhesabu sababu. Ukiwa na akili hazitakwisha, na zote zitakuwa nzuri. Aibu ya siku ya kwanza ni yako peke yako. Ukiiacha ikae, mtu mwingine atakuja kuilipia, na atakuwa yule aliyekupa maji. Na kitu unachokiomba kifunike kosa lako, hicho hicho ndicho kitakachokunyang'anya njia ya kulirekebisha.

Mungu akupe theluji nyingi, wewe na klabu yako. Ikuangukie ukiwa umekwisha kusema. Akupe mlango wa kugonga na mtu wa kuufungua, na miguu isiyoogopa kufika pale. Upite kila shamba la watu juu ya pikipiki yako, kichwa juu, wakikupungia mkono.